Grisi Kabla ya Zege

Mwanza mawe hayatafutwi. Yako chini ya nyumba, yako kando ya nyumba, na kuna nyumba ambazo jiwe limeingia hadi uani kwa sababu mwenye kiwanja alishindwa kulipasua, akaona heri ajenge ukuta kulizunguka. Kinachotafutwa ni hivyo vingine: mchanga, saruji, nondo, tofali, maji. Vyote hivyo lori huvimwaga chini, pale njia pana inapoishia, na nyumba iko juu kule Mabatini, Igogo, Bugarika au Isamilo, kwenye vichochoro ambavyo lori likiingia halitoki. Katikati kuna mlima. Zamani mlima huo ulipandwa kwa vichwa na mabega ya watu, kina mama wakiwa na ndoo na karai, na bado unapandwa hivyo pale ambapo njia ni ngazi za mawe matupu. Kwingine kote siku hizi unapandwa na toyo.

Wengine huiita guta, wengine pikipiki ya mizigo. Chombo ni hicho hicho. Mbele ni pikipiki: usukani, tangi, kiti cha dereva, injini ya cc 150, 200 au zaidi kidogo. Nyuma ni gari dogo: ekseli, difu, springi za majani, propela inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma, na kitanda cha bati chenye kuta zinazofunguka. Kwenye saiti za Ulaya na Marekani kuna vigari maalumu vya injini kwa kazi hii, vyenye ndoo kubwa mbele ya kubebea zege na dereva anayesimama nyuma kwenye kibao, na kila kimoja huja na kitabu cha matengenezo. Kwetu kazi hiyo hiyo inafanywa na toyo, na kitabu chake, kama kilikuwapo, kilibaki dukani ndani ya boksi.

Mkoa wetu umeona mitambo mikubwa miaka hii. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, lilifunguliwa Juni 2025 na kupewa jina la John Pombe Magufuli. Reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka imekuja na makatapila yake, winchi zake na wahandisi wake wa mitambo. Kazi hizo zimepigwa picha na kuandikwa, na zinastahili. Mimi nataka kusimama kwenye mashine ambayo haina mhandisi wala ratiba iliyobandikwa ukutani, ambayo imejenga sehemu kubwa ya nyumba tunazolala, na nataka kumsifu mtu anayeifanya iamke kila siku.

Kwanza msomaji aelewe mzigo. Chukua kitanda chenye urefu wa mita 1.6, upana wa mita 1.2 na kuta za sentimita 30. Kijaze mchanga mkavu, usawazishe na kuta: umeshabeba kilo 900 na ushee. Mchanga huo huo ukiwa umelowa chapachapa unapita tani moja. Saruji ina hesabu rahisi zaidi, mfuko kilo 50, mifuko ishirini ni tani, na nimeona ishirini ikipangwa na juu yake akakaa utingo. Mzigo huo unapelekwa juu na injini ya silinda moja.

Ongeza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima viko juu ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Maana yake toyo ya Mwanza inaianza siku ikiwa imepungukiwa karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Dar es Salaam, kabla haijatiwa hata koleo moja la kokoto. Tena hewa ikiwa pungufu na petroli ikabaki ile ile, moto haukamiliki na plagi inaingia masizi. Fundi mzuri wa hapa huijua hali hiyo kwa macho. Akifungua plagi akaikuta nyeusi na kavu, hakimbilii kubadilisha. Anakwenda kwenye kabureta na chujio la hewa kwanza.

Injini nyingi za toyo ni uzao wa injini moja ya Kijapani, Honda CG, iliyotoka katikati ya miaka ya 1970. Honda walikuwa wameona jinsi pikipiki zao zinavyotumika katika nchi za Asia: zinapakiwa kupita kiasi, oili haibadilishwi, vumbi halipanguswi. Wakaunda injini ya kuvumilia hayo. Badala ya mnyororo mrefu wa kuzungusha kamshafti kule juu, waliiweka kamshafti chini na kusukuma valvu kwa fito mbili za chuma. Haina mbwembwe, haikimbii sana, lakini haifi upesi. Viwanda vya China viliiga muundo huo, vikaupanua, vikauongezea rejeta, na leo ndio unaonguruma kuelekea kilima cha Bugando.

Ninaiheshimu injini hiyo, lakini nakiri uvumilivu wake umetuharibia nidhamu. Chombo kinachokataa kufa humfanya mwenye mali aamini kwamba hakiumwi. Ndiyo maana fundi ninayemsifu hapa ni mtu adimu.

Gereji yake iko upande wa Nyakato, ambako VETA wapo na ambako ukipita mchana kutwa unasikia nyundo. Pale utamkuta na kazi za kila fundi: kufungua injini zilizokwama, kubadilisha ringi, kutoa beringi zilizosagika. Kazi hizo anazifanya vizuri, ila hazimfurahishi. Kwake kila injini iliyofunguliwa ni habari ya kuchelewa. Kazi anayoipenda anaifanya alfajiri, saitini, kwa toyo ambazo hazijaharibika. Ana wateja wachache, wenye saiti waliokubali kumlipa ili kisitokee kitu. Anafika kabla ya wapiga zege, akiwa na ndoo ya vifaa, matambara safi yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na pampu ya grisi anayoibeba mkononi.

"Mwangaluka, baba," dereva humwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu. Umeshaiwasha?"

"Bado, baba."

"Vizuri. Usiiwashe."

Anaitaka ikiwa baridi. Toyo iliyolala usiku mzima ina mengi ya kusema ambayo ikishapata moto inayaficha. Usiku dereva ameitandikia boksi lililokunjuliwa, na asubuhi fundi anachuchumaa kulisoma. Tone la kahawia chini ya injini ni oili, na mahali lilipodondokea panaonyesha kama ni gasketi au nati ya kumwagia oili haikukazwa. Tone zito lenye harufu kali, huku nyuma, limetoka kwenye difu. Unyevu unaoteleza karibu na gurudumu ni mafuta ya breki, na hapo kazi zote nyingine zinasimama. Maji chini ya rejeta anayagusa kwa kidole kujua kama ni ya ndani au ni umande tu. Boksi hilo moja, ambalo dukani wangelitupa, limewahi kuokoa injini nzima.

Halafu anapima oili. Toyo iwe mahali tambarare, jambo ambalo Mabatini ni la kutafutwa. Kuna kona moja ya saiti waliyoisawazisha kwa ajili hiyo tu. Anafungua kijiti cha kupimia, anakifuta, anakirudisha akikiegesha tu bila kukikaza kwa hatizi, anakitoa na kukisoma. Ukikikaza kinazama zaidi na kukuonyesha oili usiyokuwa nayo. Ni kosa dogo, na mashine nyingi zimekufa kwa kosa hilo. Kisha anachukua tone moja katikati ya kidole gumba na cha shahada, analisugua polepole. Likiwa na chengachenga, kuna chuma kinasagika. Likinuka petroli, kabureta inavujia ndani. Likiwa limegeuka nyeupe-nyeupe, maji yameingia. Injini hii hutumia lita moja tu au kuzidi kidogo, na lita hiyo hiyo inalainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Hakuna akiba. Ikipungua robo lita, imepungua robo ya uhai wa mashine.

Kuhusu lini oili ibadilishwe, fundi huyu hafuati kilometa. Kwa kawaida mita ya toyo ilishakatika waya siku nyingi, na hata ingekuwa nzima ingemdanganya. Kilometa moja ya Barabara ya Nyerere ukiwa mtupu na kilometa moja ya kupanda Isamilo kwa gia namba moja na tani ya kokoto si kilometa moja. Anahesabu siku za zege. Kila dereva ana daftari dogo, na kila siku ya mzigo mzito hutiwa alama. Alama zikifikia idadi aliyompangia, oili inatoka, hata kama kwa macho bado inang'aa. Mwenye saiti akilalamika kwamba inang'aa, anaonyeshwa daftari.

Bolti anazikagua kwa namna iliyonifanya niipende kazi yake tangu mwanzo. Kila bolti muhimu, zile za kushikia springi kwenye ekseli, za gurudumu, za kitanda, ameipaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye chuma, ukapita juu ya nati na kuishia kwenye ncha ya bolti. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika. Kwa hiyo asubuhi haanzi na spana. Anazunguka toyo na tochi, anaangalia mistari. Iliyonyooka anaiacha. Nati ambayo mstari wake umekatika anaikaza, anafuta rangi ya zamani, anachora upya, na kabla ya kuondoka anauliza kwa nini imelegea, maana nati hailegei bila sababu. Mara nyingi springi ya upande huo imechoka na ekseli inatingishika. Hapo anapitisha kidole kwenye majani ya springi akitafuta uzi mwekundu wa kutu unaokatiza. Ufa wa chuma huanza kwa kuvuja kutu. Ukiuona mapema unabadilisha jani moja. Ukiuona kwa kuchelewa, ekseli imekwenda upande na mifuko ya saruji iko mtaroni.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kumwonyesha msomaji kitendo kimoja tu cha mtu huyu, ningemwonyesha akitia grisi.

Toyo ina mahali kadhaa pa kupokea grisi: kwenye krosi za propela, kwenye pini za springi, kwenye shingo ya usukani. Kila mahali pana chuchu ndogo ya chuma, isiyozidi ncha ya kidole, na aghalabu imefunikwa tope lililokauka. Fundi mwenye haraka huichomeka pampu hapo hapo juu ya tope na kubana. Grisi inaingia, na tope linaingia nayo. Sasa fikiria tope la Mwanza ni nini. Miamba yetu ni matale, na ndani ya matale mna kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha beringi. Vumbi la kokoto zinazopondwa kwa nyundo kando ya njia ni vumbi la madini hayo hayo. Likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia, kama ile ambayo fundi huitafuta dukani anapotaka kusaga valvu. Ukitia grisi kwa namna hiyo, ungekuwa umeitendea mashine wema zaidi kwa kuiacha kavu.

Yeye anaanza na tambara. Anaifuta chuchu hadi iwe na rangi ya chuma. Anafuta mdomo wa pampu. Anabana kidogo hewani ili grisi ya kwanza, iliyokaa mdomoni na kushika vumbi, itoke na kufutwa. Ndipo anachomeka, na anabana taratibu huku jicho likiwa kwenye kingo za krosi, si kwenye pampu. Kwanza inatoka grisi nyeusi, ya zamani, yenye mchanga. Anaendelea. Inatoka ya kijivu. Anaendelea. Ikitoka ya rangi ile ile iliyo ndani ya pampu, anaacha, na anaizungusha propela kwa mkono nusu mzunguko kisha anabana tena mara moja, kwa sababu krosi ina pande nne na kuna upande unaoweza kunyimwa. Mwisho anafuta yote iliyotoka. Wengi huiacha, wakidhani grisi nyingi nje ni dalili ya kazi nzuri. Yeye anasema grisi iliyo nje haimlainishii mtu, inavuta vumbi tu na kulikaribisha mlangoni.

Kazi hiyo kwa toyo moja haifiki muda wa kunywa chai. Sijaona krosi aliyoihudumia ikikatika mlimani.

Chujio la hewa linataka mkono mwepesi zaidi. Kwenye toyo nyingi ni sponji ndani ya kasha la plastiki. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, sponji hiyo hubadilika rangi kwa siku chache za kazi. Anaiosha kwa maji ya sabuni, anaikamua kwa kuibana kati ya viganja, kamwe haipoti kama nguo, kwa sababu ikipotwa inachanika matundu yasiyoonekana. Ikikauka anaipaka oili kidogo sana, anaikamua tena ibaki na unyevu tu. Unyevu huo ndio unaokamata vumbi la matale lisifike kwenye silinda. Kwa wale walio karibu na ufukwe, Kirumba na Igombe, kuna siku wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kwa mawingu na asubuhi rejeta imeziba kwa maiti zao. Anaisafisha kwa brashi laini na maji ya kumimina, akifuata mapezi yalivyolala.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi vilevile. Mafundi wengi wa barabarani hutumia wembe, ambao una unene wa karibu milimita 0.1, na wanafika mahali pazuri ingawa si penyewe. Yeye ana bamba za kupimia alizozinunua, na anazifuta na kuzipaka oili baada ya kila kazi. Nafasi inayotakiwa kwenye injini hizi ni ndogo kuliko wembe kwa valvu ya kuingizia hewa. Dereva hupenda injini isiyogonga, na akisikia tik-tik-tik anakuja mbio kulalamika. Fundi huyu hulalamikia kinyume chake. Tapeti inayogonga imelegea, nayo itavumilia hadi kesho. Iliyonyamaza ghafla imebana, valvu haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake na kuila ukingo. Alipoinamisha sikio kwenye injini moja iliyokuwa tulivu mno na kusema "hii ifunguliwe leo", dereva alidhani mzee amechoka. Ilipofunguliwa, valvu ya moshi ilikuwa haina nafasi kabisa.

Siku ya zege ina utaratibu wake. Waswahili wa saiti wana msemo kwamba zege halilali, na toyo ndiyo inayolilipia msemo huo: ikianza haisimami hadi jamvi au slabu iishe. Kabla ya safari ya kwanza, fundi anahakikisha kitanda kimepakwa oili chafu kwa tambara, safu nyembamba tu, ile ile wanayopaka mafundi seremala kwenye mbao za kumwagia zege. Zege halitang'ang'ania bati. Kila inapopatikana nafasi kati ya safari, kitanda kinamwagiwa maji na kusuguliwa kwa ufagio mgumu zege lingali bichi. Amekataza nyundo. Zege likigandia, wapo wanaoligonga kwa chini hadi libanduke, na bati linabaki na mabonde, na safari inayofuata zege linajaa kwenye mabonde hayo, na baada ya mwezi kitanda kinabeba kilo kadhaa za zege lililokufa kila kinapopanda.

Kitu kingine anachokisimamia siku hiyo ni matone. Uji wa saruji ni mkali. Wapiga zege wanaujua kwa vidole vyao vinavyochubuka. Ukali huo huo unaila alumini, na kava ya injini, kabureta na kasha la giaboksi ni alumini. Tone la zege lililorukia hapo linafutwa sasa hivi kwa tambara lenye maji. Likiachwa hadi jioni limeshaanza kung'ata.

Jioni toyo inakwenda kuoshwa, na hapo kuna ugomvi wa miaka na vijana wa kuosha magari. Wana pampu za maji ya nguvu, na wanapenda kulenga pale penye uchafu mwingi, yaani kwenye beringi na krosi. Maji ya namna hiyo yanafukuza grisi na kukaa mahali pake. Fundi amewaomba, kwa heshima, maana ni wanawe wote: kitanda na matairi wapige wanavyotaka, lakini sehemu za kuzunguka waoshe kwa karai na brashi. Wakikaidi, anakuja na pampu ya grisi usiku huo huo kusukuma maji nje. Amewahi kufanya hivyo kwa tochi, mvua za vuli zikinyesha, kwa toyo isiyo yake.

Breki nimeziacha nyuma, ingawa yeye huzitanguliza. Katika mji tambarare breki mbovu ni usumbufu. Mwanza ni msiba. Toyo iliyozimika katikati ya mteremko ikiwa na tani moja inarudi kinyumenyume, na nyuma yake kuna watoto wanaotoka shule, kuna mama mwenye genge, kuna ukuta wa mtu. Anafungua ngoma za magurudumu yote mawili ya nyuma kwa siku moja, hata kama upande mmoja tu ndio unaolia, akilinganisha unene wa bitana za kulia na kushoto. Zikipishana, toyo itavuta upande mmoja inapobana. Bitana iliyong'aa anaikwangua kwa msasa, kwa kuwa mng'ao huo maana yake imeungua na haishiki. Bitana iliyoguswa na mafuta haisafishi, anaitupa.

Na amewafundisha madereva kipimo kisichohitaji kifaa. Ukishuka mlima, simama, shuka, uguse kitovu cha gurudumu la kulia kwa nyuma ya kiganja, kisha cha kushoto. Vyote vikiwa na joto moja, endelea. Kimoja kikiwa kimezidi, ama breki inashika bila kuombwa, ama beringi inakufa. Nimewaona vijana wakifanya hivyo pale chini wanaposubiri kupakiwa, kulia, kushoto, bila kufikiri, simu ikiwa sikioni. Fundi hakuwapo. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi wake umefika mbali zaidi ya mikono yake.

Kila toyo yake pia ina kabari ya mti iliyofungwa kwa kamba karibu na gurudumu la nyuma, na utingo hutembea kando yake kwenye mteremko mkali, mkono ukiwa tayari. Wapo wanaotumia jiwe, kwa kuwa mawe yamejaa. Yeye hataki jiwe. Jiwe la mviringo linabingirika, na la pembe kali linachana tairi; mti uliochongwa kwa pembe unakaa.

Oili chafu inayotoka kwenye injini haimwagi. Anaikinga kwenye beseni na kuimimina ndani ya dumu. Katikati ya jiji letu unapita Mto Mirongo, na mengi yanayomwagwa kwenye mifereji ya vilima hivi yanaishia humo, na Mirongo unaishia ziwani, na ziwani ndiko tunakochota maji ya kunywa, Capri Point na Butimba. Dumu likijaa, sehemu inakwenda kwa mafundi seremala wa saiti kupaka mbao za zege na sehemu inarudi kupaka vitanda vya toyo. Oili iliyokwisha kazi injinini inamaliza umri wake kwenye jengo lile lile.

Kinachomshinda ni hesabu. Mwenye toyo anataka fedha yake kila jioni. Dereva ambaye si mwenye chombo, na hasa deiwaka wa siku mbili, hana sababu ya kusimama nusu saa kwa ajili ya krosi itakayokatika mwezi ujao mikononi mwa mwingine. Kila dakika ya asubuhi ni safari, na safari ni chakula. Simlaumu dereva. Ninamlaumu anayeweka hesabu bila kuacha ndani yake nafasi ya tambara na grisi, kisha anashangaa mashine yake kuingia gereji kila baada ya wiki chache, na gharama za spea anaziita bahati mbaya.

Kwa hiyo wewe unayejenga Mwanza, mwenye toyo au mwenye saiti: ondoa nusu saa ya kwanza kwenye hesabu ya siku, mwachie dereva na fundi. Nunua oili ya pikipiki, si ya gari. Nunua pampu ya grisi moja na matambara, viwekwe stoo pamoja na saruji, na msimamizi wa saiti aulize habari zake kama anavyouliza habari za nondo. Na fundi akikwambia "hii ifunguliwe leo", ifungue leo.